Mvula ya Siku ya Vote

Ngoie mujukulu wangu,

Huku ku komini yetu ya Kenya tuko bazima, na dada yako amezaa mutoto mwanaume. Uliniuliza: kama batauliza raia kama rais abaki ao atoke, weye kambo utavota? Ntaenda.

Nikiwa kijana balituuliza vile. Kila mutu alipewa karte mbili za kura: ya kijani, rais abaki; nyekundu, atoke. Mbele ya basoda na bunduki zao tukatia bote kijani mu kisanduku. Nyekundu balituambia tutupe. Mama akaificha mu kikwembe alijifunga ku kiuno.

Tukirudi, mvula ikanyesha. Karte ikatoka rangi, maji nyekundu ikashuka ku miguu ya mama. Nikaangalia barabara: ku miguu ya bantu bote, nyekundu. Hakuna aliyeangalia mwenzake.

Soda mumoja akauliza: «Ile ni nini?»

«Udongo, chef,» mama akajibu.

Na nyuma yetu, polepole, barabara muzima ikasema: «Udongo, chef.»

Kambo yako