Msahafu wa Mfugaji wa Tarbaj

Kwako Dada Zuhura,

Nakusalimu kutoka Garissa, ambako jua ni kali hata nta inanilainikia mkononi kabla sijaipaka kwenye uzi. Bado najifunza kushona vitabu kwa mkono, kwa mtindo wa zamani. Mwalimu wangu ni Maalim Abdi, fundi Msomali mwenye kibanda karibu na soko la mifugo.

Juzi alikuja mfugaji wa Tarbaj na msahafu wa marehemu baba yake. Uliwahi kunyeshewa na kurasa zilikuwa zinachomoka. Maalim akanipa mimi sindano. Yule mzee akashtuka.

"Huyu mgeni ndio atashona?"

"Wacha wasiwasi," Maalim akamjibu. "Mimi naangalia."

Nikatia udhu, nikaanza kupitisha uzi katikati ya kila fungu la karatasi, kila mshono ukiushika wa chini yake kama mnyororo. Nikawa nauvuta uzi kwa nguvu ili ukaze.

"Bole bole," Maalim akaninong'oneza kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Ukifuta sana, karatasi itabasuka."

Tulipomaliza tukauvisha jalada la ngozi ya mbuzi.

Leo mzee amerudi. Alifunua ukurasa, kisha mwingine, na hakuna uliochomoka. Akaanza kusoma kwa sauti pale pale mlangoni, machozi yakimtoka, hata wauza mbuzi wakasogea kusikiliza.

"Hapa ndio baba alinifundisha," akaniambia, kidole chake kikiwa juu ya aya.

Dada, nimefurahi hadi nimesahau kula. Mbusie mama mikono, na Mungu azidi kuwapa afya.

Mdogo wako akupendaye,
Idrisi