Utabiri wa Mjini na Matairi ya Theluji

Haruomi na mkwe wangu Chizuru,

Wali umo kwenye jungu la umeme. Ohagi zenu, vile vitonge vya wali na maharage matamu, zimo frijini. Za kaburini nimezibeba. Mshumaa wa madhabahu ya baba hapo sebuleni nimeshauzima.

Nimetangulia kwa treni. Asubuhi, Haruomi, uliniambia, "Mama, simu inasema digrii kumi na saba, jua tupu! Tutafika kwa baba mapema." Mwanangu, jua hilo ni la hapa Sendai. Baba yako amezikwa ng'ambo ya mlima. Nimempigia shangazi yako Fumie, akanicheka: "Wifi, mwambie aje na koleo! Huku njia yote ni theluji." Na wewe Jumapili umeshatoa matairi ya theluji garini, eti kwa sababu yule binti wa utabiri kwenye runinga kavaa nguo nyepesi!

Leo ni siku ya makaburi, siwezi kumkosa marehemu. Lakini nakwenda kumzuru, siendi kuhamia kwake.

~~Jioni mje kunichukua kwa gari.~~ Jioni mnipokee stesheni, kwa miguu.

Haruomi, usihangaike kupekua droo. Funguo za gari zimo mkobani mwangu, pamoja na ubani wa baba yako.

Mama