Kidonda Chini ya Suruali

Baba,

Leo sikuamkii. Shikamoo nimekunyima makusudi, na kama kaburini mnaruhusiwa kukasirika, kasirika.

Kila asubuhi hapa Biharamulo nafungua bandeji za watu nisiowajua. Kidonda nakitambua kwa harufu kabla sijakiona. Wewe, baba yangu mzazi, ulikaa na kidonda cha jembe kwenye muundi wa mguu karibu miaka miwili, umekizungushia mfuko wa nailoni chini ya suruali. Krismasi niliposema kuna harufu, ulicheka: "Ndizi zimeiva kupita kiasi hizo." Nikaamini! Nesi mzima. Hilo sikusamehe, wala mimi sijisamehe.

Najua kwa nini ulificha. Kijiji chetu chote cha Kirushya kilikuita ukanyage ndizi za pombe ya harusi, na nani angekunywa pombe ya mguu unaotoa usaha? Ukawa unakanyaga kwa mguu mmoja, umeshika ukingo wa mtumbwi wa kukamulia, watu wakidhani ni madoido.

Mzee mkaidi wewe. Sikiliza sasa, maana ukiwa hai hukunipa nafasi. Jeraha likivimba, mwili hutoa vimeng'enya vya kukata zile nyuzi zinazoshikilia nyama, ili kilichoharibika kiondoke na kipya kijengwe. Kazi ikiisha, vinatulia. Lakini kidonda kikichafuka kila wiki, uvimbe hauishi, navyo haviachi kukata. Vinakula hata nyama mpya. Ni kama kuita mafundi wabomoe ukuta mmoja, wakaimaliza nyumba. Kwako viliendelea hivyo mpaka vijidudu vikapata njia ya kuingia kwenye damu. Pengine kukiosha na kukifunga mapema kungetosha. Ningekifunga mimi, Baba!

Mtumbwi wako sasa anao Baba Mdogo, mdogo wako. Jana nilipokwenda nyumbani nilimkuta anakanyaga, suruali hajaikunja upande wa kushoto. Nikamwambia aikunje. Akageuza uso: "Usiniaibishe mbele za watu, mwanangu." Sauti yako kabisa. Nililia kwa hasira. Nikakumbuka pia ulivyokuwa ukinipa kikombe cha kwanza cha juisi, kabla haijawa pombe, ukisema binti yako ndiye wa kuonja. Nakupenda, na kwa hili nakuchukia.

Mazishini walikusifu nikanyamaza. Jumapili, baada ya misa yako ya arobaini, sinyamazi. Naahidi nitautaja mguu wako mbele ya wote waliokunywa, mpaka ndugu yako akunje ile suruali.

Pumzika, Baba. Aibu hiyo ibebe wewe, haikuumizi tena. Yeye mguu bado anao.

Binti yako