Cherehani Ivutayo Kushoto

4 Machi

Kwako Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na wateja wa sare za shule hawakusumbui sana. Mimi ni mzima, ila vidole vimejaa matundu ya sindano.

Ile cherehani kuukuu uliyonipa nilipohama nimeipa jina: Ajuza. Unakumbuka inavyovuta kushoto? Sasa nimeifungia mota. Naweka shuka chakavu chini ya mguu wake, nawasha, nakunja mikono. Sielekezi chochote. Ajuza anazunguka mwenyewe, anachora miduara ya uzi mwekundu. Akikuta kiraka anasita, anakikwepa, anaendelea na safari. Mama, ni fundi! Nimesomea uchoraji miaka yote hiyo na sijawahi kupiga mstari wenye uhai namna ile.

Habari kubwa: mkuu wa ukumbi wa maonyesho ameiona hiyo miduara, akanipa chumba kizima mwezi Juni. Ndiyo maonyesho yangu ya kwanza. Kesho nasafiri kufuata mashuka yaliyostaafu hotelini. Ufunguo namwachia jirani.

Ni mimi, mwanao

13 Machi

Kwako mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, mimi ndiye ninayeufuata. Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti, wateja wakacheka hadi wakasahau kupimwa.

Mwanangu, mashine haina safari. Ile inaumwa. Nimeishi nayo nikiirudisha kulia kwa mkono mpaka bega likapinda. Nikaona haya: binti wa fundi kapata chumba cha maonyesho, halafu mama kampa cherehani mbovu! Watu watasemaje? Mjomba wako alikuwa anapita huko, na cherehani ndizo kazi yake, basi nikamtuma. Jirani alimfungulia. Amebadilisha meno yanayovuta kitambaa, amenyoosha mhimili, amekaza mguu. Anasema sasa inakwenda kama imepigiwa rula.

Ni zawadi yetu sisi wawili. Tangu jana naimba dukani peke yangu.

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimerudi, nimewasha. Imekwenda moja kwa moja, toka pindo hadi pindo. Nimejaribu tena na tena, ni hivyo hivyo.

Chumba nilipewa kwa ajili ya miduara, na miduara mipya haipo; ile michache ya mwanzo haijazi hata ukuta mmoja. Meno ya zamani jirani ameshayatupa. Mwisho wa Aprili mkuu wa ukumbi anakuja kukagua. Asipoona kitu kipya, chumba anapewa mwingine. Najua mlinitakia mema. Nimekasirika hata hivyo, na sitaki kukuficha.

Mwanao

2 Aprili

Kwako mwanangu,

Hujambo? Mgongo wangu hukuuliza, nimeelewa.

Nilitaka kukuandikia kwamba asante ya punda ni mateke, lakini nilikuwa nimeshalia, hasira ikaniishia. Nimemwambia mjomba wako arudi akaiharibu. Anasema hajui kuharibu. Amekaa hapa kwenye kiti cha wateja, hata chai hataki.

Kama kuna cha kushonwa, niletee. Nitakishona vibaya kadiri utakavyo.

Mama yako

6 Mei

Kwako Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo je? Na Mjomba, ameshakunywa chai? Mnisamehe kwa kimya changu.

Nilimsusa Ajuza kabisa. Halafu siku moja, kwa hasira, nikakata shuka hanamu, kona hadi kona, nikamsukumia. Akashona mstari wake ulionyooka. Nilipolitoa mezani, shuka likakataa kulala. Hanamu unaijua wewe, inavyonyumbuka. Uzi unabana, kitambaa kinataka kurefuka, wote wawili wabishi. Shuka likajikunja, likainuka, likasimama lenyewe na mabonde yake. Sikupanga hata kunjo moja. Nilikuwa namsifu Ajuza peke yake, kumbe shuka nalo lina lake la kusema, na Mjomba ndiye aliyelipatia nafasi.

Mkuu wa ukumbi alilizunguka, kisha akaomba kiti. Chumba bado ni changu! Mlangoni nitaandika waliofanya kazi hii: cherehani, mashuka, uzi, mjomba, mama aliyeingilia yasiyomhusu, na mimi mwishoni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Njoo uone.

Mwanao

12 Juni

Kwako mwanangu,

Nimefika salama, mgongo unakusalimu. Mjomba wako anawaambia wapita njia kwamba jina lake liko ukutani.

Ukumbini sikusema mengi, maana wenye maneno makubwa walikuwa wengi. Acha niseme sasa. Nilipoingia nilitafuta kwanza makosa, ndiyo tabia ya kazi. Kisha nikakiona kile kilichosimama karibu na dirisha, nikakizunguka mpaka miguu ikauma. Maisha yangu yote kitambaa kikijikunja nakipiga kofi, nakinyoosha, nakibana kwa pini. Sijawahi kukiuliza kinataka kwenda wapi. Kile ni kizuri kuliko gauni lolote nililowahi kushona, na nimeshona magauni mazuri, usinidharau. Najivunia wewe, mwanangu. Hata Ajuza mwambie namjivunia.

Jana duka lilikuwa tupu. Nikachukua kipande kilichobaki kwenye sare, nikakikata hanamu, nikaanza kukanyaga mashine, nikaondoa mikono yote miwili. Niliificha kwapani, maana haijazoea kukaa bure. Kilichotoka nimekitia kwenye bahasha hii. Mjomba wako ameuliza ni nini, nikamwambia mimi mwenyewe sijui.

Tafadhali usikipige pasi.

Mama yako