Mwambie Huyo Gari Limeshuka

Jumamosi, 3 Mei

Nimezinunua! Shokapu nne mpya, kila moja na springi yake mwilini, na chini ya springi kuna nyuzi na ringi. Zungusha ringi huku, gari linashuka. Zungusha kule, linapanda. Muuza spea anaziita koilova. Aliposema "nyuzi" tu nikajua hii ni kazi yangu. Miaka ishirini napunguza nguo za watu – nitashindwa kupunguza gari?

Sababu ni Mama, yaani mama mkwe. Goti lake la kulia limegoma. Mwezi wa tatu alikuwa na miadi ya daktari wa mifupa. Akafika mlangoni mwa gari, akainua mguu, akaushusha, akasema hapandi, akarudi ndani kuchagua mchele. Miadi ikapotea hivyo. Sasa amepewa nyingine, Jumatatu ya tarehe 12, saa nne asubuhi. Akikosa na hii jina linarudi mwisho wa foleni – mwaka mzima tena! Na goti lenyewe analikokota, unamsikia ukiwa chumba cha pili.

Kwa hiyo nimeamua: kama Mama hawezi kulipanda gari, gari litamshukia Mama.

Mke wangu ameuliza kwa nini nisinunue kigoda. Kigoda! Nimemweleza kwa utulivu kwamba kigoda ni kukata tamaa. Akasema haya. Sikuipenda ile haya yake.

Jumapili, 4 Mei

Muuza spea alisema ni kazi ya saa mbili. Nimeanza saa moja asubuhi, sasa ni saa tisa, nimetoa nati moja. Kutu tupu! Nimepiga nyundo, nimepiga na kidole. Gumba – lile lile la sindano.

Mama yuko dirishani tangu mwanzo. Kamwambia mke wangu: "Mwambie huyo asipige kama ana ugomvi nalo." Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, kila neno nalisikia. Mke wangu akanigeukia: Mama anasema usipige kama una ugomvi nalo. Nikasema mwambie Mama nimesikia. Akamwambia.

Ndivyo tunavyoishi, mwaka wa tisa huu, nyumba moja. Si kwamba ananichukia. Nguo zake zote nashona mimi, na akipakua ananiwekea la kutosha. Lakini hajawahi kuniita kwa jina, wala mwanangu, wala hata wewe. Mimi ni Huyo. Mwambie huyo chai inapoa. Mwambie huyo mvua inakuja.

Inaniuma. Basi, nimeliandika.

Jumatano, 7 Mei

Shokapu ya nne imeingia! Wateja watatu walikuja kuulizia nguo zao, nikawatokea kutoka uvunguni na uso wa grisi. Wote wamesema watapita siku nyingine.

Sasa vipimo. Karatasi iliyokuja ndani ya boksi ni michoro mitupu. Nikatumia akili ya ufundi: nikafungua daftari la wateja, ukurasa wa Mama. Goti hadi chini, sentimita 46. Maana yake kiti kiwe 46 kutoka chini – akigeuka tu, amekaa. Nikapima kwa futi yangu, nikatia alama za chaki, nikatoa urefu wa stendi zilizobeba gari, nikazungusha ringi pembe zote nne mpaka hesabu ikakubali. Arobaini na sita kamili! Nimelala na grisi yangu, sijali.

Alhamisi, 8 Mei

Nimetoa stendi. Gari likashuka. Likaendelea kushuka.

Kiti: 33.

Kosa nimelijua papo hapo, na nimeona aibu ya kifundi. Nilipima gari likiwa linaning'inia hewani, springi haijabeba kitu. Mimi, mtu mzima, nimemshonea mtu nguo kwa kupima hanga!

Haidhuru, nitalipandisha. Nikaleta jeki. Jeki haiingii. Jeki ile ile iliyolinyanyua gari Jumapili, leo haipiti chini yake. Nimelala kifudifudi uani nikiitazama, na chumvi ya jasho machoni.

Mke wangu alipita na ndoo akataja kigoda. Nimejifanya sijasikia.

Ijumaa, 9 Mei

Limeshuka tena, lenyewe, bila kuguswa. 32. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 10 Mei

Jaribio. Mama akaja na mkongojo wake, akalipa gari mgongo, akakaa. Mguu haukunyanyuka hata kidogo! Uso ukamfunguka. Akapapasa kiti, akamwambia mke wangu: "Mwambie huyo gari limekuwa na adabu."

Nusura nilie. Kweli, nusura.

Halafu akataka kushuka. Na hapo ndipo tuliponasa, hata kwa maneno, maana gari hili huwezi kulishuka. Kuingia ndiko kushuka, kutoka ndiko kupanda! Mama kasema tangu azaliwe hajawahi kushuka gari kwa kupanda, na hataanzia kwenye goti hili. Mke wangu kamvuta mikono. Mimi nimesimama pembeni nimeshika mkongojo – mama mkwe, jamani, nitamshika wapi? Tukamjaza mito chini, mmoja mmoja, kila mto kanyanyuka kidogo. Dakika arobaini. Mito mitatu na godoro la kiti.

Mke wangu kasema hospitali kuna watu na viti vya magurudumu, watamtoa wao. Mradi tumfikishe. Basi safari iko palepale.

Jumatatu, 12 Mei

Naandika nikiwa ndani ya gari. Saa tatu na robo. Mama yuko hapa kando yangu, kavaa gauni nililomshonea mwaka jana.

Gari limekalia kizingiti cha geti. Nilikijenga mwenyewe, zege tupu, kuzuia maji ya mvua. Tairi za mbele ziko barabarani, za nyuma ziko uani, tumbo liko juu ya zege. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Wapita njia wanatusalimia. Mke wangu amekimbia kwa fundi baiskeli kuazima jeki fupi. Ikifika nanyanyua, nazungusha ringi mizunguko sita kila upande, tunaruka zege. Hospitali ni dakika kumi tu. Tunawahi.

Kwa hiyo tumebaki wawili. Miaka tisa, na leo hakuna wa kumwambia huyo. Mama alikohoa. Na mimi nikakohoa. Akamtafuta binti yake kwenye kioo, hayupo. Mwisho akaiambia redio: "Mwambie huyo asiharakishe sana."

Redio imekufa tangu mwaka juzi. Nikaiambia na mimi: mwambie Mama sijamwelewa.

Akageuka mzima mzima.

"Mwanangu," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini kaendelea. Kwamba mwezi wa tatu angeweza kupanda. Goti linauma, ndiyo, ila kupanda angepanda. Wanataka kumpasua, naye anaogopa. Anaogopa mpaka usingizi haupati. Aliponiona nagongagonga huko chini, gumba limevimba kwa ajili yake, aliona haya kunizuia. "Nikawa naomba liharibike lenyewe," kasema. "Haliharibiki! Linashuka tu!"

Nilimwambia pole, Mama. Nina hasira – wiki nzima uvunguni! – na huruma, na furaha ya kipumbavu kwa sababu ya lile neno moja. Ndipo nikatoa daftari. Kauliza naandika nini. Nikasema vipimo, Mama. Kanishika mkono, kaniomba nisimwambie binti yake.

Saa tatu na nusu. Mke wangu namwona mbele barabarani, anakuja mbio. Jeki begani. Na kwapani – kigoda! Mungu wangu, kigoda!

Spana iko mapajani mwangu. Mizunguko sita. Bado tunawahi. Mama anatazama mbele kama hayupo, kidole chake kinanigusa kiwiko, ananong'ona: "Mwambie huyo ringi zimekwama."

Mke wangu amefika. Ameinama dirishani, anahema, hamtazami mama yake. Ananitazama mimi.

"Mama anasemaje?"