Hatuna Mtoto wa Jina Hilo

Elisabethville, kwa masista, karibu na mto Lubumbashi

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, Mama, na yambo sana kutoka kwa binti yenu. Mmeamkaje huko Pweto? Goti la kushoto linasemaje? Na msiniambie tena kwamba limepona, maana dereva aliyeniletea samaki wenu amenieleza kuwa mnakwenda misa mkikokota mguu na bado mnateka maji wenyewe. Huyo kaka yangu Kalenga mikono yake anamwekea nani? Samaki walifika wakavu vizuri, ila wawili waliliwa na askari wa kizuizi cha barabarani. Watoto tunaowalea hapa waliwala na bukari ya unga wa mihogo wakalamba vidole. Asanteni sana.

Mwili wangu ni mzima. Ni moyo unaoniandikisha barua hii, na nawaomba katekista awasomee mkiwa wawili tu, mlango umefungwa.

Tangu Katanga ijitenge, mambo hapa si mchezo. Bendera mpya, noti mpya, majandarme wenye bunduki kila pembe, na upande wa pili askari wageni wa kofia za buluu. Siku mizinga ilipolia tuliwaficha wasichana wetu wote katika ghala ya chakula. Wao walitoka wazima, sukari ndiyo haikutoka. Sista Yuliana, Mzungu wetu wa jikoni, aliililia ile sukari kuliko alivyoililia mizinga. Tulicheka, Mama. Sikumbuki kama nimecheka tena baada ya hapo.

Mnajua kwamba watu wa Kasai wamekuwa hapa miaka mingi, makarani, walimu, wenye maduka. Sasa wamegeuzwa adui, na nyumba zao nyingi zimechomwa. Siku moja alikuja mwanamume na baiskeli, nyuma amempakia mtoto wa kike wa miaka saba hivi, ananuka moshi. Akasema ni mtoto wa jirani yake, amepotezana na mama yake katika kukimbia. Kama mnavyojua, mimi ndiye mshika lango na mwandishi wa daftari. Nikauliza jina la mtoto. "Mbuyi." Na jina la mama yake? "Mwambuyi." Nikaandika, nikakausha wino, nikajiona karani kweli. Yule mtu akapanda baiskeli yake, na hatujamwona tena. Mtoto mwenyewe hakufumbua kinywa kwa miezi.

Baadaye alikuja mwanamke aliyelia vizuri sana, akasema yeye ni shangazi wa msichana wetu mmoja wa Kasai. Tukampa msichana. Baada ya siku tatu akafika shangazi wa kweli, na sisi hatukuwa na mtu wa kumpa. Huyo msichana hajulikani alipo mpaka leo. Ndipo Mama Mkubwa, mkuu wetu, akawabadilisha watoto wote wa Kasai majina. Mbuyi akawa Agnesi. Na mimi nikaamriwa: yeyote atakayetaja jina la zamani langoni, jibu ni moja tu, hatuna mtoto wa jina hilo. Nilikubali kwa moyo wote, Mama. Nilijua ni kwa ajili ya kuwalinda.

Basi siku moja mchana, mvua inanyesha, hodi ikapigwa. Nikafungua kidirisha cha lango. Mwanamke amesimama, nguo zimemganda mwilini, mgongoni amebeba mtoto aliyefunikwa kitambaa. Ng'ambo ya barabara, chini ya baraza ya duka, vijana wawili wenye mapanga wanatutazama.

"Mamere," akaniita, kama watu wa mji wanavyotuita masista, "niko natafuta mutoto yangu. Jina yake Mbuyi."

Nikatazama wale vijana. Nikasema, "Hatuna mtoto wa jina hilo."

"Angalia muzuri, mamere. Ni mudogo tu."

"Nimekwambia hatuna."

Hakubisha. Akasema, "Aksanti, mamere," akageuka. Alipogeuka, kitambaa kikateleza, nikauona uso wa mtoto wa mgongoni. Mama, ulikuwa uso wa Agnesi. Macho yale yale, paji la uso lile lile, kila kitu, na Agnesi nilikuwa nimemwacha ndani akichambua maharagwe. Ningeita. Sauti ilikuwapo, koo halikuwa limekauka, msinionee huruma ya bure. Niliogopa wale vijana, na niliona aibu kulimeza neno nililokwisha kulitoa. Nikafunga kidirisha.

Tangu hapo sina raha. Kila asubuhi namsuka Agnesi nywele, na yule wa mgongoni ananitazama kwa macho yake. Nasikia hodi, nafungua, hakuna mtu, barabara tupu. Nikiwa kanisani nasikia "aksanti, mamere" nyuma yangu, nageuka, naona mabenchi. Masista wenzangu wanadhani ni malaria, wamenilisha kwinini mpaka masikio yanavuma.

Nikamwambia Mama Mkubwa. Akasema, "Ulitii. Kutii si dhambi." Nikamwambia kama si dhambi mbona inanuka. Hakunikemea. Siku barabara ilipotulia kidogo alinipa ruhusa niende na Agnesi katika kambi ya wakimbizi, juu ya lori la unga, kwa kuwa tulisikia treni zimeanza kuwarudisha watu Kasai.

Mama, ile kambi siwezi kuieleza. Vibanda vya magunia na mabati, hata mbwa hana nafasi ya kujinyoosha. Nikasimama juu ya kichuguu, nimemshika mtoto mkono, nikaita kwa nguvu, "Mwambuyi! Mwambuyi!"

Wakaja. Huyu anatoka hapa, yule pale, wengine wakikimbia na unga mikononi, wengi hata nikaacha kuhesabu. Kila mmoja alimwinamia mtoto, akamtazama, akarudi alikotoka. Hapo ndipo nilipojua, nilipoelezwa na mmoja wao. Kwao Kasai pacha wa kwanza daima ni Mbuyi na wa pili ni Kabanga, na mwanamke akishazaa mapacha jina lake la zamani linawekwa kando, anaitwa Mwambuyi, mama wa Mbuyi, mpaka kufa. Mimi mtoto wa Pweto, nikawa nimeandika daftarini jina la wanawake wote wale, nikajisifu.

Wa mwisho kuja alikuwa bibi mmoja wa makamo. Akamshika Agnesi kidevu, akapiga makofi. "Yo! Huyu ni sura ya Kabanga kabisa!"

"Unamjua mama yake?"

"Tulikuwa tunalala pamoja humu. Amekwenda na treni ya juzi."

"Jina lake la kuzaliwa ni nani? Kijiji chake?"

"Tulimwita Mwambuyi tu. Nani atauliza ingine?" Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Alikuwa anakataa kwenda. Siku yote analia, mutoto yangu iko hai. Halafu alikwenda kuuliza kwa bamamere, bakamwambia hayuko. Bamamere habadanganyaka, banasemaka kweli tu. Ndiyo akakubali kama mutoto amekufa, akapanda treni."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikahisi mkono mdogo unanivuta. Yule mtoto asiyesema, Mama, akaniuliza, "Ni mamere gani alimwambia hivyo?"

Nilikuwa na maneno mengi. Vijana, mapanga, amri, shangazi wa uongo. Nikasema, "Ni mimi."

Hakulia. Aliutoa mkono wake katika wangu, akapanda lori peke yake.

Posta ya Kasai haipiti, na hata ingepita, ningeandika nini juu ya bahasha? Mwambuyi, Kasai? Nimewapa wasafiri habari, nimewaomba mapadre. Nangoja. Mwezi ujao natakiwa kuweka nadhiri za daima, na ile ya utii hainitoki mdomoni. Ninyi mliozika watoto wawili, niambieni mama hufanya nini anapoambiwa mwanawe hayupo. Niambieni ukweli.

Nisalimieni Kalenga na mkewe, shangazi mkubwa wa kule ziwani, na baba yangu wa ubatizo. Katekista naye, asante kwa kusoma, na afunge mdomo.

Neno moja tu limebaki. Tangu siku ile mtoto haitiki jina la Agnesi. Anashinda langoni. Hodi ikipigwa ananitangulia, anapanda ndoo, anafungua kidirisha, na kabla mgeni hajauliza anamtajia watoto wote waliomo ndani, kwa majina yao ya kwao, mmoja mmoja, kwa sauti. Awe mama, awe jandarme, kwake ni sawa. Mama Mkubwa ameniamuru nimzuie kabla hajatuua sote. Ana haki. Nami nimeinuka mara tatu kwenda kumzuia, nikafika nyuma yake, nikashindwa kuinua mkono.

Sasa hivi kuna mtu anabisha hodi, na mtoto ameshaanza kutaja majina. Niombeeni, Mama.

Binti yenu,
Sista Yozefa