Mwanao Hagusi Mpira, na Ndiyo Kazi Yake

Hamisi,

Mtu mzima na ndevu zako, unampigia mwanao simu siku moja kabla ya mechi kumwambia anakuaibisha? Ungekuwa karibu ningekufinya. Haya, nimeshasema. Hujambo? Na mkeo, goti lake linaendeleaje? Mimi mama yako ni mzima, sukari imeshuka, na hapa Xiaobei, huku kwa Wachina, pilau yangu wanaipangia foleni mpaka Wakongo. Nakuandikia maana kwenye simu hunipi nafasi.

Unasema umeangalia video nzima, Idrisa hajagusa mpira hata mara moja, anasukumana tu kama kuli. Hata mimi mwanzo nilikosea. Mechi ya kwanza nilishuka mpaka kwa kocha kumwuliza mjukuu wangu kamkosea nini hata anyimwe mpira. Akacheka, akanichorea kwenye karatasi. Huu ni mpira wa Kimarekani, wenyewe mrefu kama papai. Anayeurusha ni mmoja, kijana wa Kichina anaitwa Chen, na mbele yake wanasimama watano, ndio ukuta wake. Mume wangu Idrisa analinda kushoto, upande ambao Chen anaupa mgongo. Adui akipita hapo, Chen hamwoni.

Laoban, yaani tajiri mwenye timu, hela zote alimwaga kwa warushaji. Wawili waliondoka kwa machela. Nikamwambia, Idrisa anatafsiri huku kaona haya, "Unanunua mapazia, nyumba haina kuta." Alininunia wiki nzima, halafu akaleta majitu mapya matatu. Lakini hawajuani. Huyu anamkimbilia adui wa mwenzake, kwake kunabaki wazi, Chen yuko chini.

Nikawaita wote sita mgahawani kwangu, nikawawekea sinia moja. Unakumbuka nilivyokuwa nakupiga mkono ukivuka upande wa mwenzio? Na wao niliwapiga, kwa mwiko. Kila mtu ale cha mbele yake, akimaliza ndipo amsaidie wa pembeni. Nyama nzuri isukumwe kwa Chen. Kila Ijumaa, miezi miwili, mpaka mwiko nikauweka chini.

Basi Jumapili wamecheza na hao hao waliotuvunjia warushaji. Mwisho kabisa tuko nyuma, tumebakiwa na nafasi moja. Jitu lao likamjia Idrisa, akalizuia. Likazunguka, akalikalisha chini. Chen akasimama ametulia kama yuko kwao, papai likaruka mpaka kule mwisho likadakwa. Tumeshinda, Hamisi. Uwanja mzima unamwita Chen, naye anamkimbilia mwanao, anamkumbatia. Kisha akanifuata, jezi yake safi kama imetoka kwenye pasi, akasema kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe, "Bibi, leo sijaanguka."

Sasa laoban amemwekea Idrisa mkataba wa miaka miwili, na jibu analitaka wiki hii. Mtoto hasaini. Anasema baba hajanipa radhi. Nimembembeleza, nimemgombeza, hataki. Ulimlea vizuri mwenyewe, sasa unamvunja kwa mdomo.

Nisalimie mkwe wangu Mwanaidi, na dada yako Rehema. Shoga yangu Bi Tatu wa chumba cha uani mwambie vitambaa vyake nimevipata.

Mimi mama yako,
Zuhura

Mama Salha aliyekuletea barua hii nimemwagiza asinyanyuke sebuleni kwako. Usimpe chai kwanza. Chukua simu, mpigie mwanao, umpe radhi Mama Salha akisikia.